Milango Mitatu ya Mkahawa

Kahawa ni kinywaji cha watu waliokaa. Maji hunywewa na mwenye kiu hata akiwa njiani, na chai hunywewa asubuhi kwa haraka na mwenye kuwahi shamba au kazi. Lakini kahawa chungu, katika kikombe kidogo, humtaka mnywaji aketi, asikilize na asikilizwe. Kwa sababu hiyo hapana mji uliopata kahawa usipate na mahali pa kuinywea, wala hapana mahali pa kuinywea palipokosa wenye kupasifu na wenye kupalaumu. Lugha ya Kiswahili yenyewe inashuhudia jambo hilo. Mahali pa kula na kunywa paliitwa mkahawa kwa jina la kahawa, na jina limebaki hata leo ambapo mikahawa mingi huuza chai na chapati kuliko kahawa.

Ugomvi juu ya mikahawa ni wa zamani. Mwaka 1511 kahawa ilipigwa marufuku katika mji wa Makka, na mahali ilipouzwa pakafungwa. Marufuku ile haikudumu. Mwaka 1675 Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alitoa tangazo la kufunga mikahawa ya nchi yake, kwa kuwa aliiona ni viota vya maneno dhidi ya serikali. Kabla tangazo halijatimizwa alilazimika kuliondoa kwa wingi wa malalamiko. Katika visa hivyo viwili kahawa ndiyo iliyoshitakiwa, lakini baraza ndilo lililoogopwa zaidi: watu wasio wa cheo kimoja wamekaa mahali pamoja, nao wanasema.

Siku hizi ugomvi umegeuka sura. Wazee wa zamani waliuchukia mkahawa kwa kuwa watu walisema ndani yake. Leo wapo wanywaji wauchukiao kwa kuwa watu hawasemi. Mkahawa wanaoulalamikia ni ule mkubwa, wenye jina moja juu ya milango elfu. Starbucks ilianza mwaka 1971 kwa duka moja katika mji wa Seattle, Marekani, na leo ina maduka zaidi ya 35,000 duniani. Java House ilifungua mlango wake wa kwanza Nairobi mwaka 1999, ikaenea katika miji ya Kenya, kisha ikavuka mipaka kuingia Uganda na Rwanda. Wako wasemao kwamba mikahawa hii imeitoa kahawa gizani ikaipa heshima. Na wako wasemao kwamba imeinyang'anya roho yake ikaiachia povu. Basi yafaa kuuliza: mkahawa uhukumiwe kwa kipimo gani?

Swali hili huulizwa aghalabu katika miji mikubwa, na watu wenye kikombe mkononi. Wao huutazama mkahawa kwa mlango wa mbele. Ni vyema utazamwe pia kutoka Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Kigoma, ambako mkahawa wa namna hiyo haupo lakini kahawa ipo. Mwenye kusimama huko huuona mkahawa kwa mlango wa nyuma, mlango uingiao gunia.

Kasulu na Kibondo, pamoja na wilaya za Buhigwe na Kakonko zilizomegwa kutoka kwazo mwaka 2012, ni nchi ya kale ya Buha. Katika vilima vyake, hasa upande wa Manyovu na Heru Juu, mibuni ya arabika hukaa pamoja na migomba na maharage katika mashamba madogo ya jamaa. Kazi ya mbuni ni ndefu. Mche hungojewa kiasi cha miaka 3 kabla ya kuzaa ipasavyo. Matunda huchumwa kwa mkono, mekundu yakitengwa na mabichi. Humenywa, huvundikwa, huoshwa, kisha huanikwa juu ya chanja, yakageuzwa jua linapowaka na kufunikwa mvua inapotisha. Maradhi ya chulebuni na kutu ya majani huweza kuteketeza jasho la mwaka mzima. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 2001 na ambayo makao yake yako Lyamungu katika mkoa wa Kilimanjaro, ina kituo kidogo Mwayaya katika nchi hiyo ya Buha, ili miche yenye kustahimili maradhi iwafikie wakulima. Vyama vya ushirika, kama vile vya Kanyovu, vimewakusanya wakulima wa mkoa wa Kigoma wamenye kahawa yao pamoja, ili ubora usitofautiane kutoka nyumba hata nyumba.

Baada ya kazi yote hiyo kahawa huondoka. Tanzania hunywa sehemu ndogo tu ya kahawa yake, chini ya kumi kwa mia, na iliyobaki huvuka bahari. Katika nyumba nyingi za wakulima mgeni afikapo hupewa chai. Akipewa kahawa, mara nyingi ni ile ya unga uyeyukao, iliyochotwa katika kopo lililonunuliwa dukani. Kopo hilo laweza kuwa limetoka kiwandani Bukoba, na kiwanda hicho, kilichoasisiwa katika miaka ya 1960, ni fahari ya nchi. Walakini ni jambo la kutafakari kwamba mtu aliyechuma, akamenya na kuanika kahawa kwa mikono yake aijue ladha ya kopo asiijue ladha ya chanja yake.

Kahawa ya kuchemshwa ipo, nayo hupatikana kijiweni. Muuzaji huketi na dele lake juu ya makaa, vikombe vidogo ndani ya maji, na kashata au karanga pembeni. Ni desturi ya pwani. Ilifuata njia walizofuata Waswahili na lugha yao mpaka Ujiji, na kutoka huko na kwingineko ikazoeleka katika miji ya bara. Kijiweni hapana mlango, hapana orodha ya bei ukutani, wala hapana saa ya kufunga. Habari za siasa, za mpira, za bei ya maharage na za misiba hupita humo kabla ya kufika gazetini. Kwa wanaume wengi wa miji ya nyanda hizo, kijiwe ni bunge, mahakama na shule ya jioni.

Sasa chukulia kwamba katika kijiwe kimoja cha namna hiyo amepita binti aliyesoma Nairobi, na kwamba mzee wa hapo amemwuliza aliona nini katika mikahawa mikubwa ya huko hata watu walipe fedha nyingi hivyo kwa kikombe kimoja.

“Shikamoo, mzee,” binti asema. “Huko niliketi saa tatu na kitabu changu, na hapana hata mmoja aliyeniuliza mimi ni binti wa nani wala namngoja nani.”

“Marahaba, mwanangu,” mzee ajibu. “Hilo ndilo ninalolililia. Umekaa saa tatu, na hapana hata mmoja aliyekuuliza!”

Katika maneno hayo machache umo ugomvi mzima, kwa maana jambo moja limesifiwa na kulaumiwa kwa wakati mmoja. Binti ameona uhuru katika kutokuulizwa. Mzee ameona upweke. Wala hapana mmoja wao asemaye uongo. Kijiwe humjua kila aketiye, na kujulikana ni neema kwa yule ambaye mji umempa nafasi nzuri. Lakini mwanamke aketiye kijiweni hutazamwa, kijana mdogo huamriwa apishe, na mgeni hupimwa kwa maswali kabla ya kupewa kikombe. Mkahawa mkubwa hauwajui hao wote, na kwa kutowajua huwakaribisha sawasawa, mradi wana bei. Usawa wa namna hiyo una kasoro, nayo ni hilo neno “mradi”. Lakini mtu ambaye hajapata kunyimwa kiti asiudharau.

Watetezi wa mikahawa mikubwa wana hoja nyingine zisizopuuzika. Husema kwamba kahawa yake haibadiliki, kwa hiyo mnywaji halipi kwa kubahatisha. Husema kwamba imewapa kazi vijana na kuwafundisha ustadi. Tena husema jambo zito zaidi: katika Kenya, ambako kahawa bora ililimwa karibu na Nairobi kwa muda mrefu na kusafirishwa nje, ilikuwa mikahawa ya namna hiyo iliyowazoeza wengi wa wakazi wa mji kunywa kahawa ya nchi yao wenyewe. Ikiwa ni aibu kwa mkulima kutojua ladha ya zao lake, basi aliyepunguza aibu hiyo apewe sifa yake.

Washitaki nao hawakosi ushahidi. Husema kwamba duka moja lililorudiwa mara elfu huifanya miji elfu kuwa mmoja. Aliyeingia Dubai hana haja ya kuingia London, kwa sababu kiti ni kile, wimbo ni ule na kikombe ni kile. Husema kwamba faida hukimbia mbali na mahali ilipopatikana. Hata Java House, iliyozaliwa Nairobi, sehemu yake kubwa ya umiliki ilinunuliwa na mifuko ya uwekezaji ya kigeni mwaka 2012 na ikauzwa tena mwaka 2017. Husema tena kwamba mwuzaji huuliza jina la mnywaji na kuliandika juu ya kikombe, lakini haulizi kwa kutaka kumjua, bali kwa kutaka kikombe kisipotee. Katika Buha shitaka hili lina uzito wa peke yake. Salamu ya Kiha haina haraka. Hufuatana na kuinama na kupiga makofi ya taratibu, na huulizia nyumba na watu wake. Mtu aliyelelewa katika salamu hiyo huona kwamba jina lililoulizwa bila habari ya nyumbani ni ganda lililokobolewa.

Wako pia wapendao kusema kwamba mikahawa mikubwa haizuiliki, kama mafuriko. Historia haiwaungi mkono. Mwaka 2008 Starbucks ilifunga maduka 61 kati ya 84 iliyokuwa nayo Australia, nchi ambayo watu wake walikwisha kuwa na mikahawa yao midogo na mazoea yao. Italia, nchi ambayo mtindo wake wa kunywa kahawa uliigwa na mikahawa mingi ya namna hiyo, haikuwa na duka la Starbucks mpaka mwaka 2018. Mahali ambapo watu wanajua wanachokinywa, jina kubwa huingia kwa adabu. Funzo hili litafaa mbele.

Hata hapa ugomvi umeendeshwa kwa mlango wa mbele tu. Mzee na binti wameshindana juu ya kiti, juu ya salamu na juu ya bei. Yupo mtu wa tatu ambaye wote wawili hawakumtaja, naye huenda ni ndugu yao, na shamba lake huenda laonekana kutoka pale walipokaa. Ni mkulima. Kikombe cha mkahawa kimetoka kwake na kikombe cha kijiwe kimetoka kwake au kwa mwenzake. Mtetezi amesahau kumwuliza kama heshima iliyopewa kahawa imemfikia. Na mshitaki amesahau kumwuliza kama undugu wa kijiweni umewahi kumwongezea senti moja.

Hesabu kidogo itaeleza. Kilo 1 ya kahawa safi hutoka katika kilo 5 au 6 za matunda mekundu. Ikikaangwa hupoteza sehemu ya uzito wake, ikabaki kiasi cha gramu 850 au pungufu. Kikombe kimoja kidogo cha mkahawa huchukua gramu 8 hata 10. Kwa hiyo kilo ile moja huzaa vikombe 80 hata 100. Katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani, bei ya vikombe vitatu, hata katika miaka ya bei nzuri, hukaribia au hushinda fedha aipatayo mkulima kwa kilo nzima. Vikombe vilivyobaki si wizi mtupu. Ndani yake imo nauli ya meli, kodi ya nyumba, mshahara wa mhudumu, maziwa, umeme, ushuru na hasara ya siku za mvua. Mtu mwenye haki hatasema kwamba vyote vilikuwa vya mkulima. Lakini mtu huyo huyo ataona ajabu kwamba kila mkono ulioshika kahawa ile baada ya mkulima ulijua bei yake kabla ya kuishika, na mkulima peke yake aliijua baada ya kuiachia.

Mjuzi wa biashara atapinga. Atasema kwamba bei ni soko na soko ni kama hali ya hewa: haina mtu wa kulaumiwa. Mnywaji alilipa alichoombwa. Deni lake limekwisha. Hoja hii ina nguvu, na ingetosha lau ingekuwa kweli kwamba bei ya kahawa ni mvua. Lakini historia yaonyesha mikono ya watu. Kwa Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa wa mwaka 1962 nchi ziuzazo na nchi zinunuazo zilikubaliana kuipa kila nchi iuzayo fungu lake, ili bei isianguke. Mwaka 1989 mafungu hayo yaliachwa baada ya wenye mkataba kushindwa kupatana, na bei ikaporomoka. Mnamo miaka ya 2001 na 2002 ilishuka sana hata wakulima wa nchi nyingi wakaing'oa mibuni au kuiachia magugu. Mvua haina mkutano wala haipigi kura. Jambo lililofungwa na watu na kufunguliwa na watu ni tendo, na tendo lina mema na mabaya yake.

Kisa cha Ethiopia chasema hivyo hivyo. Mwaka 2005 serikali ya nchi hiyo ilitaka majina ya kahawa zake mashuhuri, Sidamo, Harrar na Yirgacheffe, yaandikishwe Marekani kuwa alama zake za biashara, kwa kuwa majina hayo yaliongeza bei katika maduka bila ya kuiongeza mashambani. Starbucks haikukubali mwanzoni. Mwaka 2007 pande mbili zilipatana, na kampuni ikayatambua majina yale. Kilichogombewa hapo hakikuwa gunia wala kikombe. Kilikuwa haki ya kuitwa. Mahali palipozalisha kitu palitaka pasisahauliwe pale kinaponywewa.

Kwa nyanda za juu za Kigoma haki hiyo si jambo la anasa. Watu wa Buha wanalo kumbukumbu la kazi isiyo na jina. Katika zama za ukoloni vijana wengi wa Kasulu na Kibondo walichukuliwa kwa mikataba kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba, kwa kuwa walijulikana kwa namba kuliko kwa majina yao. Walikata majani ya mkonge yaliyotengenezwa kamba za meli ambazo hawakuziona. Mbuni ulikuwa na ahadi nyingine. Ulikuwa zao la kupandwa nyumbani, katika ardhi ya mtu mwenyewe, karibu na kaburi la babu yake. Mtoto aliweza kusomeshwa kwa matunda yake bila baba kupanda gari la mbali. Basi ikiwa mkulima wa kahawa naye atakuwa hana jina, atumikiaye kikombe asichokijua kwa bei asiyoifahamu, umanamba umerudi bila ya safari. Na mwanawe ataliona jambo hilo upesi kuliko wataalamu. Ataitazama mibuni iliyozeeka, atauliza kama kuna faida ya kungoja miaka 3 mingine, kisha atajibu kwa kuondoka.

Kwa hiyo kipimo kitakiwacho ni kile kinachowakumbuka watu wote waliokusanywa na kikombe. Kila mahali pauzapo kahawa pana milango mitatu, hata kama hapana ukuta. Mlango wa kwanza ni wa mbele: nani aweza kuingia na kuketi bila kudharauliwa? Mlango wa pili ni wa jikoni: ahudumiaye hutendewaje, na jioni hurudi nyumbani na nini? Mlango wa tatu ni wa uani: gunia liliingiaje, limetoka kwa nani, na huyo aliyelileta aliijua thamani yake? Mkahawa unaofungua vizuri milango yote mitatu ni mwema, uwe na jina juu ya mlango mmoja au juu ya elfu. Mkahawa unaofungua mmoja na kufunga miwili umefanya theluthi ya wema, na usijisifu kwa kamili.

Kipimo hiki hakimpendelei mkubwa. Mkahawa mkubwa hupenda kutundika ukutani picha ya mkulima acheka kati ya matunda mekundu. Picha si mlango. Muhuri wa biashara ya haki uliobandikwa juu ya mfuko ni bora kuliko picha, kwa kuwa nyuma yake yako masharti na ukaguzi. Hata hivyo mnywaji aweza kuutumia muhuri kama mtu atumiavyo sadaka ya haraka, amtoe mwombaji mlangoni ili asimwone tena. Wala kipimo hiki hakimpendelei mdogo. Kijiwe kilichosifiwa kwa undugu hununua kahawa iliyo rahisi kuliko zote bila kuuliza imetoka wapi. Mlango wake wa mbele umefungwa nusu kwa wanawake. Na muuzaji wake, ambaye ndiye jikoni yote, hukesha juu ya makaa kwa faida ndogo huku wazee wakimkopa. Udogo si utakatifu, kama ukubwa usivyokuwa dhambi. Kampuni yenye maduka maelfu, ikiamua kutenda haki, hutenda kwa mashamba maelfu. Na ikiamua kusahau, husahau kwa kiasi hicho hicho. Ukubwa huzidisha kilichomo moyoni, kama kipaza sauti kizidishavyo neno bila kuchagua kama ni dua au tusi.

Lakini hukumu ya mnywaji peke yake haitoshi, kwa sababu mnywaji yu mbali na ana kumbukumbu fupi. Mlango wa uani hauna budi kusukumwa kutoka nje pia, na mwenye kuusukuma ni mkulima. Chombo chake cha kwanza si jembe wala maandamano, bali ni kikombe. Kwa miaka mingi kahawa ya Tanzania imeuzwa katika mnada wa Moshi. Kabla ya kununuliwa huonjwa na mabingwa. Huvuta kwa kijiko, huizungusha kinywani, huitema, kisha huandika: hii ina uchachu mzuri, hii ina harufu ya maua, hii ilivunda kupita kiasi. Hivyo mtu wa mbali huijua kahawa ya Buha kwa ulimi wake, na mwenye kahawa haijui. Katika biashara ya namna hiyo upande mmoja una macho na mwingine umefumba. Asiyejua ladha ya zao lake hawezi kujua kama bei aliyopewa ni heshima au ni dhihaka. Hawezi kukataa kwa hoja, wala hawezi kushukuru kwa hoja. Atanung'unika tu, na manung'uniko hayapandishi bei.

Kwa hiyo mkahawa wa kwanza utakiwao Kasulu na Kibondo hauhitaji kioo wala jina la kigeni. Ni kikaango, kinu na birika katika nyumba ya mkulima, na meza ya kuonjea katika chama cha ushirika. Nyumba ikichukua sehemu ndogo ya mavuno yake, si ile iliyokataliwa bali ile iliyo bora, ikaikaanga na kuinywa pamoja na watoto, itakuwa imefanya mambo mawili. Imeonja jasho lake, na imejua kwa nini kuna mtu Seattle au Berlin aliye tayari kulilipia. Mama wa nyumba, ambaye mara nyingi ndiye aliyechuma na kuanika, atapata kiti ambacho kijiwe kilimnyima. Mtoto atajua kwamba mbuni si mti wa ada ya shule tu. Ni mti wenye ladha, na ladha hiyo ina jina la kilima chake.

Yawezekana mtu akaona ni neno dogo mno mbele ya tatizo kubwa: bei hutikiswa New York, naye ashauriwa kuonja! Ni kweli kwamba kikombe cha nyumbani hakitaitikisa New York. Lakini kumbuka funzo la Australia. Jina kubwa lilishindwa mahali ambapo watu walikwisha kuwa na ulimi wao. Watu wenye ulimi hununua kwa kuchagua na huuza kwa kuchagua. Siku mkahawa mkubwa utakapofika Kasulu kwa barabara ya lami, na huenda ukafika, utakuta nini? Ukikuta watu wasioijua kahawa yao, utawauzia kahawa ya Buha kama kitu cha kigeni, nao watalipa kwa shukrani. Ukikuta watu waionjao, wataingia kwa mlango wa mbele wakiwa wageni wenye heshima, watamsalimu mhudumu wa jikoni kwa salamu iliyo kamili, kisha watauliza habari za mlango wa uani. Hapo mkahawa utalazimika kujibu, na jibu lake ndilo litakalokuwa hukumu yake.

Binti na mzee waliobishana juu ya kiti hawana haja ya kushindana mpaka mmoja anyamaze. Binti ana haki ya kuketi bila kusumbuliwa, na mzee ana haki ya kuomboleza dunia ambayo watu huketi bila kuulizana. Neno lililobaki ni kwamba swali ambalo binti alifurahi kutoulizwa, na ambalo mzee alisikitika kwamba halikuulizwa, liulizwe juu ya kahawa yenyewe: wewe ni mtoto wa nani, umetoka shamba gani, na waliokulea hawajambo? Kahawa haichoki kuulizwa. Mnywaji aulizaye hivyo amempa mkulima kiti katika baraza, na baraza lililompa kiti mkulima ni mkahawa ulio kamili, hata kama paa lake ni mwembe.